Babu aliuliza kama Wajerumani wameshaleta isale

Naandika hii nikiwa Old Moshi, kwenye baraza la babu, umeme umekatika toka asubuhi na wingu la Desemba ndo linajikusanya huko juu. Nimerudi likizo ya wiki tatu. Toka nimeshuka uwanja wa ndege, KIA, nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua kumi, wengine ndugu, wengine tulisoma wote, mmoja ni mama anayeuza ndizi pale Kiboriloni hata hatufahamiani vizuri: "Dada, ejenti wako ni nani?" Nikisema sikua na ejenti wananiangalia kama nimewanyima kitu. Kwahiyo naandika yote hapa, kwa urefu, ili mtu akiniuliza tena nimtumie asome mwenyewe.

Mi ni muuguzi. Nilisoma diploma miaka mitatu, nikafanya kazi kwenye hospitali moja hapa Moshi karibu miaka sita, muda mrefu wodi ya watoto, na toka Oktoba 2021 naishi Leipzig, Ujerumani. Mwaka huu wa 2025, mwezi wa nane, nimepata kibali cha kuishi kule bila kikomo. Sio uraia, ni ukaazi, na tofauti ya hivo vitu viwili nitaifikia baadae kwasababu ndo inayoninyima usingizi saivi.

Lakini kwanza babu. Januari 2018 nilipanda hapa kumwambia kwamba nimeanza kujifunza Kijerumani, nataka nikafanye kazi kule. Alikua anakatia ng'ombe majani. Hakuuliza mshahara, hakuuliza nitakaa na nani. Akasema tu, "Kwa Wajerumani?" Nikamwambia ndio babu. Akaendelea kukata majani muda mrefu, afu akauliza, "Wameshaleta isale?"

Kwa msomaji asiye Mchagga: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, yani shamba la ukoo. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Ni kuomba msamaha kwa namna ambayo aliyekosewa hawezi kuifanya kama hajaiona. Na sisi wa Old Moshi tuna kosa tunalolijua. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mfalme wetu, hapa hapa, pamoja na wamangi wengine na watu wao, na tumekua tukiambiwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Babu wa babu yangu alikuwepo siku hiyo. Hii habari mi sikuisoma shuleni, niliisikia jikoni, nikiwa mdogo, bibi akimenya ndizi za mtori.

Sikua na jibu la kumpa. Nikasema, "Bado babu." Akasema sawa, nenda, ila ujue unaenda kwa watu ambao bado.

Niliendelea kwasababu zangu na sizionei aibu. Baba alikua ameshafariki, nyuma yangu kuna wadogo wawili wanasoma, na mshahara wangu ulikua unaisha tarehe kumi na mbili, kumi na tatu ya mwezi. Zamu ya usiku wodini tulikua wawili, siku mbaya mmoja, na watoto wamelazwa wawili wawili kitanda kimoja. Kuna mtu ataniuliza, sasa kama hali ni hiyo we unaondokaje? Ni swali la haki na nimelibeba miaka yote. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ile ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania ipo. Mi najua kwa macho maana ya kuwa kwenye ile orodha. Naweza kusema tu kwamba mtu mmoja hawezi kuziba pengo la wodi kwa kubaki masikini ndani yake, na bado naiwaza ile wodi.

Sasa lugha, na hapa nitakaa sana kwasababu watu hawataki kusikia hili. Hakuna siri nyingine. Kwa muuguzi, ili usajiliwe kama muuguzi kamili Ujerumani unatakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2 (ngazi ni sita, A1 hadi C2, hii ni ya nne). Sio cha kuombea maji, ni cha kupokea wodi, kuandika ripoti, kuelewa bibi wa miaka 88 asiye na meno anayekueleza maumivu kwa lafudhi ya Saksonia, jimbo la Leipzig. Mimi ilinichukua miaka mitatu na miezi kadhaa, nikiwa kazini, kutoka sifuri. Mtu akikuambia miezi sita inatosha, muulize yeye alifanya mtihani gani na aonyeshe cheti.

Mwalimu wangu alikua mzee mmoja wa Pasua aliyesomea uhandisi Ujerumani Mashariki enzi za vijana wetu kupelekwa kule. Kabla ya chuo walifundishwa lugha hapohapo Leipzig, kwenye Herder-Institut, taasisi iliyokua inawaandaa wanafunzi wa kigeni. Alikua hajaongea na mtu Kijerumani miaka mingi na alifurahi kupata mwanafunzi kuliko mimi nilivyofurahi kupata mwalimu. Nilikua natoka shifti ya mchana naenda kwake saa kumi na moja jioni, tunakaa uani, mke wake analeta chai ya tangawizi. Siku ya kwanza akaandika Schule kwenye daftari akasema soma. Nikasoma "shule". Akacheka, akaandika Heller, akasema hii ilikua sarafu yao hapa enzi zile, na hadi leo unaitafuta kila siku unaita hela. Niliporudi nyumbani usiku ule nilikua nayarudia hayo maneno mawili kwenye daladala, shule na hela, nikawaza kwamba ndo vitu viwili vinavyonipeleka kwao.

Nilipolalamika kuhusu der, die, das, yale makundi matatu ya majina kwao, akanikatiza. We una ngeli, akasema, umeshajua ki- na vi-, m- na mi-, u- na zi- bila kufundishwa na mtu, unalalamika nini kuhusu vitu vitatu. Na kingine alichonifundisha ambacho kimenisaidia hadi kazini ni kwamba kwao kitenzi mara nyingi kinakaa mwisho wa sentensi, kwahiyo mtu akiongea msubiri amalize, usimkate, hujajua bado anasema amefanya nini. Mzee huyu amefariki 2022. Nilipigiwa simu nikiwa zamu ya usiku.

Mitihani nilifanyia Dar, Goethe-Institut, kituo chao cha lugha. A1 nilienda kwa basi. Ile ya B1, Februari 2020, nilienda kwa treni, ndo ilikua imerudi miezi michache nyuma, Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya stesheni ya Moshi kuota nyasi. Nilikaa dirishani na daftari langu. Reli ya Tanga hadi Moshi waliijenga Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza, kwa mikono ya watu wetu, na mimi nimekaa juu yake nakariri vitenzi vyao. Sikuweza kusoma sana safari ile.

Ejenti. Ndio, nilishawahi kulipa. 2019, katikati, nikiwa nimekata tamaa na lugha, mimi na mwenzangu wa wodini tulienda ofisi moja hapa mjini, ghorofani, ina bendera mezani na mkaka mwenye suti, akatuambia nafasi zipo, lugha mtaisomea kulekule. Mi nilitoa laki sita na nusu ya "usajili". Mwenzangu alitoa milioni mbili, hela ya mama yake ya shamba. Baada ya miezi minne namba haipatikani, ofisi wamepanga wauza simu. Mwenzangu hadi leo hajaniambia kama alimweleza mama yake ukweli.

Kitu ambacho laiti ningekijua siku ile ni hiki: sheria ya Ujerumani yenyewe inakataza kampuni binafsi kwenda kuajiri wauguzi kwenye nchi zilizo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani. Kazi hiyo, kama inafanyika, inaruhusiwa kufanywa na shirika lao la serikali la ajira peke yake. Yani mtu anayekuja kwako Moshi au Arusha kukuuzia kazi ya uuguzi Ujerumani anakuuzia kitu ambacho kwa sheria yao haruhusiwi kukigusa. Ila wewe mwenyewe kuomba kazi kwa mkono wako hujakatazwa na mtu. Tafadhali msome hii sentensi mara mbili na mumsomee na shangazi yenu anayetaka kuuza ng'ombe.

Kwahiyo niliomba mwenyewe. Nilituma maombi 23 kwa imeli, barua kila moja naandika upya kwa Kijerumani changu cha wakati ule, hospitali tatu zikajibu, moja ikanifanyia intavyuu ya video. Nilikaa kwenye gari la jirani kwasababu ndo sehemu pekee isiyo na kelele, bando la siku, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Walinihoji dakika arobaini kuhusu vidonda vya mgandamizo wa kitanda. Nilivijua.

Makaratasi sasa. Watu wanadhani visa ndo kazi, visa ni mwisho kabisa. Kabla yake kuna utambuzi wa taaluma: mamlaka ya jimbo unaloenda inachukua masomo yako na kuyapima na ya kwao, somo kwa somo, saa kwa saa. Diploma yetu ni NTA Level 6, ndo ngazi yake rasmi hapa, sawa, lakini wao wanataka kujua ulifundishwa anatomia saa ngapi, magonjwa ya akili saa ngapi, mazoezi ya wodini saa ngapi. Transkripti yangu ilikua na gredi tu. Ilibidi nirudi chuoni nilikosoma kuomba mtaala wenye saa, na pale nilizungushwa miezi mitano, karani yuko likizo, mhuri hauonekani, rudi Jumatatu. Afu leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, barua ya Baraza kwamba sina kosa la kitaaluma, cheti cha tabia njema cha polisi, na cheti cha kuzaliwa cha RITA ambacho kina herufi moja tofauti na jina la kwenye cheti cha form four. Herufi moja! Kiapo kwa wakili, na kila karatasi inatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, kwa kurasa, kwa hela. Kama una mtoto anayesoma leo, chukua vyeti vyake vyote vipange mezani ulinganishe jina herufi kwa herufi. Fanya hata kama haendi popote.

Jibu lilikuja barua ya kurasa nyingi: elimu yako ina mapungufu, hasa kwenye uangalizi wa wazee, unatakiwa ufanye mafunzo ya kujazia miezi sita huku, ndo utapewa cheti. Nililia, nikidhani wamekataa. Mzee wa Pasua akaisoma akasema wamekukubali, hivi ndo Mjerumani anavyokubali. Hospitali ikanipa mkataba wa kufanya kazi kama msaidizi wakati najazia, B2 nikaipata 2021, visa nikaombea ubalozi wao pale Umoja House, Dar, ada yuro 75, na Oktoba nikaondoka. Koti nililovaa nilinunua soko la Memorial, mtumba, ndani lina lebo ya Kijerumani nikaisoma yote: osha kwa nyuzi 30, usikaushe kwa mashine. Lilitoka kwao likaja Moshi likarudi na mimi. Bado nalivaa.

Siku ya pili kazini nilipewa beseni.

Hapa ndo naomba wauguzi wenzangu mtulie. Nyumbani mgonjwa anaogeshwa na ndugu yake. Dada mtu anatoka Rombo na mtori kwenye hotipoti, analala kwenye benchi, anamgeuza, anamlisha, anamfulia. Sisi tunatoa dawa, tunaweka dripu, katheta, vidonda, ripoti, usiku tunazalisha kama kuna upungufu kule leba. Ujerumani ndugu anakuja saa ya kutembelea na maua anaondoka. Kuosha mwili, kupiga mswaki meno ya bandia, kubadilisha nepi za mtu mzima, kumlisha kijiko kwa kijiko, ni kazi ya muuguzi, na imo kwenye masomo yao kama fani kamili. Na ile dripu mi niliyokua naiweka kwa mtoto wa wiki mbili aliyeishiwa maji, mishipa haionekani, wale wa kwetu wanajua naongelea nini, kule kutafuta mshipa kwa kawaida ni kazi ya daktari. Nilikatazwa kwa upole kabisa. Na ukunga hamna, mkunga ni taaluma nyingine na shule yake nyingine.

Mama aliponipigia nikamwambia ukweli akanyamaza, afu akasema, "Umesoma miaka yote hiyo ukaogeshe wazee wa watu?" Iliniuma kwasababu nilikua nimejiuliza hivohivo asubuhi. Miezi mitatu ya kwanza nilifanya ile kazi nimekunja moyo. Kilichonibadilisha ni muuguzi mmoja mzee wa pale, mama mfupi mkali, aliyenisimamisha akaniambia unamuosha kama unaosha meza. Akanionyesha. Ukimuosha mtu vizuri unaona kila kitu: ngozi inaanza kuwa nyekundu wapi, anapumua vipi akigeuka, mguu upi umevimba toka jana, leo ana huzuni au ana homa. Dakika ishirini umemfanyia uchunguzi ambao daktari hajaufanya. Saivi naamini uuguzi wetu Tanzania tumepoteza kitu tulipowaachia ndugu sehemu hii yote, sio kwa ubaya, kwa uchache wetu. Na naamini wao wamepoteza kitu ndugu walipoacha kuja. Mama nilimweleza hivi. Hakukubali siku hiyo.

Kulikua na mzee mmoja, miaka 91, amesahau vitu vingi. Namuosha asubuhi akaniuliza natoka wapi, nikasema Kilimanjaro. Akafumbua macho akasema, "Mlima mrefu kuliko yote Ujerumani." Nikadhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, babu yake alikua na atlasi ya shule ya enzi za Kaiser, mfalme wao, walipokua wanatutawala, na ndivyo ilivyoandikwa. Hans Meyer, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 na mwenzake Purtscheller, alitoka familia ya wachapishaji wa Leipzig hiyohiyo, na kilele alikipa jina la Kaiser Wilhelm. Sisi tumekiita Uhuru 1961. Nikiwa nimeshika mkono wa yule mzee kwenye beseni nikamwambia, mimi natoka chini ya huo mlima, mahali ambapo watu wako walimnyonga mfalme wetu miaka kumi na kidogo baada ya Meyer kufika kileleni. Nikamweleza Mangi Meli, polepole, kwa Kijerumani changu, sentensi zote na vitenzi mwishoni. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na kichwa?" Nikasema hakijapatikana.

Kesho yake akaniuliza natoka wapi. Nikamweleza tena. Asubuhi nne mfululizo nimemweleza upya, na asubuhi zote nne amefika palepale akauliza, na kichwa? Siku ya tano alihamishiwa nyumba ya wazee.

Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapatia baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro ndugu zao walio hai. Moja la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Nilimpigia babu nikiwa kwenye tramu, napiga kelele watu wananiangalia. Akauliza, "Na la Mangi?" Bado. Novemba mwaka huohuo rais wao Steinmeier akaenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika vita vya Majimaji. Babu alisikia redioni. Akaniambia, "Songea wamepelekewa isale. Hapa bado tunangoja." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema mvua imenyesha Marangu.

Turudi kwenye vibali, kwasababu kuna hesabu watu wanakosea. Ukaazi wa kudumu kwa mfanyakazi mwenye taaluma nilivyofika ulikua miaka minne, Machi 2024 sheria ikabadilika ikawa mitatu. Lakini hiyo mitatu haihesabiwi toka ulipotua! Inahesabiwa toka uliposhika kibali cha mtaalamu kamili. Miezi yangu ya usaidizi, Oktoba 2021 hadi katikati ya 2022, haimo. Kwahiyo kila mwezi unaoongezeka kwenye kujazia mapungufu unausogeza mbele ukaazi wako, na ndo maana narudia, B2 ipate ukiwa nyumbani. Ukiwa na ile mitatu unatakiwa uwe umechangia pensheni miezi 36, uwe na lugha B1, na ufaulu mtihani wa maswali 33 kuhusu maisha na sheria za kule, ukipata 15 umepita ukaazi, uraia wanataka 17. Mi nilipata 31. Kuna maswali ya historia mle. Mangi Meli hayumo.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo tu: ukiona namba kwenye mkataba toa theluthi nzima, kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya uangalizi wa uzeeni. Na wenzangu Walutheri, ile fomu ya kujiandikisha mkazi ina sehemu ya dini, ukijaza unakatwa kodi ya kanisa, Saksonia ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Nimejaza na sijafuta. Nimekua na bahasha za ahadi toka Sunday school, sioni ajabu. Kinachobaki kinatosha kuishi na kusomesha wadogo wawili, hakitoshi kila anachodhani mtu wa familia kubwa, na kusema hapana kwa simu ni kazi ngumu kuliko zamu ya usiku.

Sasa hili la uraia. Oktoba 2026 natimiza miaka mitano, na mitano ndo sharti la kuomba uraia wa Ujerumani. Toka Juni 2024 wao wanaruhusu ubaki na uraia wako wa zamani. Tanzania hairuhusu: mtu mzima ukichukua uraia mwingine kwa hiari, wa kwetu umeisha. Mwaka huu sheria zimerekebishwa ili waliokua raia wapewe hadhi maalum, ni nafuu kweli na nawashukuru waliopigania, lakini hadhi sio uraia, kura huna. Na bila ile hadhi, asiye raia hamiliki ardhi hapa isipokua kwa uwekezaji.

Wenzangu Leipzig wanasema chukua, pasipoti ya kule inafungua milango, na ukaazi wangu ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa unakufa. Wanasema kweli. Mama akiugua, Mungu aepushe, nikakaa naye mwaka, nimepoteza miaka yangu yote minne. Na kuna anayenikumbusha jambo lingine linalochoma zaidi: wewe ni mtoto wa kike, kihamba unakililia cha nini, kwa mila ni cha kitinda mimba wa kiume. Sheria ya ardhi ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa. Mila ya hapa kilimani haijasoma hiyo sheria. Naumia kwamba naweza kukataa uraia wa nchi moja kwa ajili ya ardhi ambayo nchi nyingine inanipa kisheria na ukoo haunipi.

Juzi nilimwonyesha babu ile kadi ya ukaazi. Ana miaka 88, akaishika mbali na macho. "Inaisha lini?" Nikasema plastiki inabadilishwa, haki haiishi, ila nikikaa huku zaidi ya nusu mwaka inaisha. Akaigeuza, akanirudishia. "Basi wamekukodishia," akasema. Nikamwambia babu, wengi hata kukodishiwa hawajapata. Akasema najua, mjukuu wangu, sijakulaumu.

Afu akasimama na fimbo yake, akasema twende. Tukashuka hadi mwisho wa kihamba, upande wa mfereji, ambako migomba ya kisukari imezeeka. Masale ya mpakani yameota hovyo, mengine yamenipita urefu, huwezi kujua mpaka wa jirani unaanzia wapi. Akasimama pale muda. Akasema huku upande wa mfereji alikua anawaza, afu hakumalizia, akaanza kuongelea jirani anayehamisha masale usiku. Nilimsubiri amalize kama nilivyofundishwa. Tulipokua tunapanda akaniambia Agosti nikija nije na panga zuri, tuyapunguze yote kuanzia juu hadi chini, mimi na yeye, ili mpaka uonekane.

Nimeshaandika imeli kazini kuomba likizo ya Agosti. Umeme ukirudi naituma.